Vijiko Thelathini vya Novemba

Mvua ya tarehe 9 Aprili 2044 ilinyesha ndani ya bwalo la chakula saa saba mchana, miaka hamsini na miwili baada ya kunyesha mara ya kwanza, ikaharibu ugali wa watu sita.

Ilikuwa mvua nzuri. Ilianza kwa matone machache mazito yaliyogonga meza kama mtu anayehesabu, kisha ikashika kasi, na mwanga uliokuwa juu yake ukageuka kijivu chenye ubaridi, kama ulivyokuwa siku ile. Baada ya dakika mbili ikakatika. Wanafunzi mia nne wa Shule ya Wasichana Itumbiko wakabaki wakimtazama Editruda Mwiru wa Kidato cha Tatu, aliyekuwa amesimama juu ya benchi na rimoti mkononi, uso wake mzito kama wa askofu.

"Samahani kwa usumbufu," alisema. "Hayo yalikuwa majaribio ya kisayansi."

Mashine hiyo iliitwa Mnyeshi. Kwa kuitazama ilikuwa turubai jembamba lililotandazwa chini ya dari, lenye matundu elfu kumi na mbili, kila moja dogo kuliko tundu la sindano. Ukimpa Mnyeshi kiasi cha mvua ya siku yoyote iliyopita, anainyesha upya. Ukimpa joto la siku hiyo, taa zake zinageuka rangi, kuanzia buluu ya baridi hadi manjano ya jua linalochoma. Editruda alimtengeneza pamoja na rafiki yake Kashinde. Katika mgawanyo wa kazi, Kashinde alifanya hesabu, mabomba na nyaya, na Editruda akafanya kazi ya kusimama juu ya benchi.

Walikuwa wakijiandaa kwa Shindano la Takwimu Hai. Kila mwaka jiji la Manyoni Mpya liliwaita vijana wachukue namba za mazingira na tabianchi, zile zinazolala kwenye majedwali bila kusumbua mtu, wazigeuze kuwa kitu cha kuonekana na kuguswa. Zawadi ya mwaka 2096 ilikuwa nafasi mbili kwenye lifti ya anga, ile inayopanda kwa waya kutoka baharini hadi mahali ambapo dunia inaonekana duara, siku tatu kwenda na kurudi. Editruda aliitaka nafasi yake ili awe mtu wa kwanza kudondosha ganda la ndizi kutoka angani. Kashinde aliitaka yake kwa sababu baba yake alikuwa fundi huko juu, na hajamwona kwa miaka miwili isipokuwa kwenye kioo cha simu.

"Editruda. Kashinde."

Sauti haikupanda. Sauti ya Matroni Foibe haikuwahi kupanda. Ilikuwa inafika tu. Alisimama mlangoni mwa bwalo, mwanamke wa miaka arobaini na minane, mwembamba, aproni yake imenyooshwa kama bahasha.

"Shikamoo, Matroni," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba. Vitambaa vyote vya meza vimelowa. Mtavifua kwa mikono. Mkimwachia roboti wa dobi nitajua."

"Matroni utajuaje?" Editruda aliuliza kwa heshima kubwa.

"Roboti hapigi soga."

Namba za mvua zilitoka kwenye daftari. Tangu mwaka 2030, kila siku saa tatu asubuhi, mwanafunzi wa zamu alikwenda kwenye kipimamvua nyuma ya jiko, akasoma maji yaliyomo, akaandika kiasi chake, akatia sahihi, na pembeni, kwenye safu ya Maoni, akaongeza neno moja au mawili kuhusu hali ya hewa. Satelaiti zilikuwa zinajua kila wingu la Afrika kwa jina, lakini Mgawa hakuziamini peke yake. Mgawa ndiye akili bandia aliyegawa maji ya ziwa kwa nchi nzima kavu ya kati, kikombe kwa kikombe, na alipenda namba iliyotoka ardhini. Tena aliweka jicho lake la kioo juu ya kila kipimamvua ili ahakikishe kilichoandikwa ndicho kilichomo.

Basi daftari la Itumbiko lilikuwa na miaka sitini na sita ya mvua, bila siku hata moja kurukwa. Kwa shindano lile, hiyo ilikuwa dhahabu. Ilibaki hatua moja tu: kupitisha namba zote kwenye Kichujio, programu ya waandaaji iliyokagua kama data ni safi.

Kichujio kilisoma miaka sitini na sita kwa sekunde nne, kikatoa mlio wa kukohoa.

"Novemba 2061," Kashinde alisoma kwenye kioo. "Kinasema mwezi mzima ni kosa la binadamu. Kinataka tuufute."

"Kosa gani?"

"Angalia. Tarehe moja, milimita 1.2. Tarehe mbili, 1.2. Tarehe tatu, 1.2. Hivyo hivyo. Edi, mvua haina adabu namna hii."

Editruda alivuta daftari lenyewe, la karatasi, lililonuka vumbi na mende. Kweli, 1.2 zilikuwa zimepangwa kama wanafunzi mstarini. Kwenye safu ya Maoni, wasichana wa miaka thelathini na mitano iliyopita waliandika kwa mazoea yao ya ukweli: *Jua kali. Jua kali sana. Hakuna wingu. Nguo zimekauka kabla ya kuanikwa.* Na pembeni, 1.2.

Ni siku mbili tu zilizovunja mstari. Tarehe kumi na saba ilikuwa 0.0, na tarehe kumi na nane ilikuwa 2.4. Sahihi ya tarehe kumi na saba ilikuwa ya duara, safi, ya mtoto anayependwa na walimu: *F. Mbeleje.*

"Foibe Mbeleje," Editruda alisema polepole. "Huyu si Matroni?"

Walimkuta kwenye karo la kufulia, amekuja kukagua vitambaa. Editruda alikuwa na swali lake la siku nyingi pia. Mtu anayeishi kwa utundu lazima ajue njia za matroni wote, na yeye alikuwa amegundua kwamba Matroni Foibe hakupita kamwe karibu na kipimamvua. Akitoka bwenini kwenda jikoni alizunguka banda la kuku, hatua mia mbili zaidi, hata jua likiwa utosini.

"Matroni," alisema, akisugua kitambaa kwa bidii ya maonyesho, "mwaka 2061 ulikuwa kidato gani?"

Matroni alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Cha Pili," alisema. "Mmeona kwenye daftari."

"Tumeona, Matroni."

"Mwaka ule vuli ilichelewa. Mgawa akatoa amri: shule ya bweni ambayo Novemba haitafikisha milimita thelathini na sita, inafungwa, na watoto wanarudishwa kwao. Kwa hesabu zake ilikuwa sawa. Maji ya kuleta kwa bomba mahali pasiponyesha yalikuwa ghali mno. Wenzangu walikuwa na kwao. Kijiji chetu Mgawa alikwisha kukizima mwezi wa saba. Watu walipakiwa kwenye magari, kila familia upande wake. Mimi nilikuwa hapa shuleni. Shangazi yangu, ndiye aliyenilea, sikujua amepelekwa wapi. Nilimpata baada ya miaka mitatu." Alikunja kitambaa kilicholowa kana kwamba kimekauka. "Nilikuwa naomba kila usiku mvua inyeshe. Na ikawa inanyesha. Kidogo tu, alfajiri, hakuna aliyeisikia, lakini asubuhi maji yamo kwenye kipimamvua. Siku kumi na sita. Ya kumi na saba ikawa zamu yangu."

Kashinde aliacha kusugua.

"Nilikuta pakavu kama biskuti. Niliinama nikatazama mara tatu. Nikaandika sifuri, ningeandika nini? Siku iliyofuata ikanyesha mara mbili. Kana kwamba ilikuwa inangoja mimi nitoke." Alisimama, akapiga aproni yake vumbi ambalo halikuwepo. "Watu wengine mvua inawakataa, basi. Siku hizi sikisogelei kile chombo. Na hicho kitambaa, Editruda, umekisugua upande mmoja."

Jioni hiyo hawakuongea sana, jambo lililowatia wasiwasi wenzao wote wa bweni.

Ni Kashinde aliyegundua. Alikuwa akifunga daftari la mwaka 2061 alipoona jalada la nyuma limevimba. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umebandikwa juu yake kwa gundi rasmi ya shule zote za bweni tangu enzi na enzi, yaani uji. Mende walikuwa wamekula uji huo kwa uvumilivu kwa miaka thelathini na mitano, na sasa karatasi ilibanduka yenyewe.

Juu yake palikuwa na mwandiko wa haraka:

*ZAMU YA KIJIKO. Kila mtu, siku ya zamu yake ya kusoma, atie kijiko kimoja cha chakula kutoka kikombe chake mwenyewe, kabla ya saa tatu, Mgawa akiwa hajafungua jicho. Kijiko kimoja ni 1.2, Loi amepima. Mara thelathini ni 36. Shule ikifungwa sisi tunakwenda kwa mama zetu, Foibe anakwenda wapi? F. ASIJUE. Akijua atasema ukweli.*

Chini yake yalifuata majina ishirini na tisa, kila moja na alama ya vema. Mbele ya namba kumi na saba hapakuwa na jina. Palikuwa na sentensi moja, herufi zake zimetetemeka: *Leo zamu ilikuwa ya F. mwenyewe. Jamani tumesahau.* Na mbele ya namba kumi na nane: *Damari, viwili.*

Editruda alisoma mara mbili. Mwaka ule, Kashinde alimkumbusha, mtoto alipewa vikombe vitatu vya maji kwa siku, vya kunywa na kunawa na kila kitu.

"Wamemdanganya Mgawa," Editruda alinong'ona. Kwa kawaida habari ya namna hii ingemfanya aruke kitandani. Yeye alikuwa amemfundisha roboti wa kengele kupiga chafya, na siri hiyo ilidumu siku moja na nusu. Hawa walikuwa ishirini na tisa, na siri yao ilikuwa imedumu mpaka sasa.

"Tumwoneshe Matroni," Kashinde alisema. "Faragha. Halafu tufute Novemba, tuendelee na shindano."

"Kichujio kikifuta, kinafuta mpaka kwenye hifadhi ya taifa. Soma kanuni ya tisa. Mwezi unaandikwa 'hakuna data', na daftari linachukuliwa kusagwa. Yaani tumwambie wenzako walikupa maji yao, na papo hapo tuwafute?"

"Na tusipofuta?"

"Kanuni hiyo hiyo. Data iliyotiliwa shaka ikibaki, kazi haipewi tuzo yoyote."

Editruda alijua uzito wa alichotaka kuomba, ndiyo maana hakukiomba. Ganda la ndizi lingeweza kungoja. Lakini juu ya meza ya Kashinde palikuwa na kalenda iliyochorwa kwa mkono, siku za kwenda kwa baba zimezungushiwa kalamu nyekundu.

"Mimi sisemi kitu," alisema Editruda. "Wewe ndiye uamue. Ukisema tufute, tunafuta, na sitakununia. Nitakununia kidogo tu."

Kashinde alikaa na daftari mapajani kwa muda mrefu. Kisha akachukua kalamu, akaanza kuhesabu vikombe vinavyohitajika.

"Baba anashuka mwakani," alisema. "Lete vikombe vya bati. Thelathini."

Siku ya shindano, ukumbi wa jiji ulijaa. Shule moja ya nyanda za juu ilileta theluji iliyoyeyuka juu ya ramani ya mlima hadi watu wakavuta makoti. Wavulana fulani walileta nyuki wa chuma waliozunguka wakitafuta maua yaliyotoweka, na kila nyuki aliyekosa ua alitua mezani akazima. Matroni Foibe alikuja kama msindikizaji, na kazi yake kubwa, alivyojieleza, ilikuwa kuhakikisha Editruda anarudi na idadi ileile ya viatu.

Zamu yao ilipofika, Mnyeshi alinyesha miaka, sekunde moja kwa kila mwezi. Waliotazama walisimama chini yake wakihisi masika ya zamani yalivyokuwa mazito, kisha yalivyokonda mwaka baada ya mwaka, mpaka mtu angeweza kupita katikati ya matone bila kulowa. Ilipofika Oktoba 2061, Kashinde alisimamisha mashine.

"Matroni," Editruda alisema, "tunaomba mtu wa kutusomea kipimo. Tafadhali."

"Wapo watu wengi hapa."

"Tunaomba wewe."

Matroni alitazama sakafuni. Palikuwa na vikombe thelathini vya bati, vimepangwa safu mbili, kumi na tano kila upande, kama vitanda vya bweni. Kila kikombe kilikuwa na jina. Alisogea. Alisoma jina la kwanza, la pili, na midomo yake ikaanza kucheza bila sauti, kwa sababu hayo yalikuwa majina ya wasichana aliolala nao chumba kimoja.

Taa zikageuka manjano makali. Mnyeshi akadondosha kijiko kimoja cha maji katika kikombe cha kwanza: tak. Kijiko kimoja katika cha pili: tak. Watu wakawa wanahesabu. Kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Matroni alikuwa amefika mbele ya kikombe kilichoandikwa *Foibe*, akasimama kama mtu anayengoja kupigwa.

Hakikudondoka kitu.

Akafumba macho. Ndipo ikaja siku ya kumi na nane. Kijiko kimoja kikadondoka katika kikombe cha *Damari*. Na kijiko cha pili, polepole, kikadondoka katika kikombe chake yeye.

Alifumbua macho akakitazama. Editruda, bila utani wowote usoni, alimpa ile karatasi iliyobanduka.

Matroni alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye *Jamani tumesahau*, mkono uliinuka ukafunika mdomo.

"Damari yuko hai," alisema mwishowe, kama anayeongea na karatasi. "Anafuga nyuki Tabora. Kila Krismasi ananitumia asali. Nimekwenda kwenye harusi ya mwanawe. Hajawahi kusema hata neno." Alishusha pumzi. "Siku ile alinipa na nusu ya uji wake. Nikafikiri hakuwa na njaa."

"Mvua haikukukataa, Matroni," alisema Kashinde. "Hakukuwa na mvua. Walikuwa wao."

Jaji mkuu, Dakta Chilewa, msimamizi wa takwimu wa jiji, alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyounganishwa moja kwa moja na Mgawa. Alikuja mpaka kwenye vikombe, akakohoa kama Kichujio.

"Mnajua hii ni data iliyoghushiwa," alisema.

"Tunajua, Dakta," Editruda alijibu. "Imeghushiwa kwa maji halali kabisa."

"Na kanuni ya tisa mnaijua."

"Tunaijua."

"Basi siwezi kuwapa chochote." Dakta Chilewa alivua miwani yake, akaifutika mfukoni, mahali ambapo Mgawa asingeweza kuona. Kisha akavuta kiti. "Naomba mrudie Novemba. Kutoka tarehe moja."

Lifti ya anga walipanda wavulana wa nyuki. Kashinde alimwonesha baba yake ile karatasi kwenye kioo. Baba akaisoma kimya, akamwambia atashuka mwakani hata kwa ngazi.

Jumatatu iliyofuata, zamu ya kipimamvua ilikuwa ya Editruda. Alitoka saa tatu kasoro dakika moja, akiburuta ndala, bila haraka. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua. Hapakuwa na wingu kutoka Itumbiko hadi mwisho wa macho. Aliinama kusoma sifuri.

Palikuwa na maji: milimita 1.2.

Alitazama chini. Kwenye vumbi palikuwa na nyayo, zimetoka bwenini hadi jikoni moja kwa moja, zikipita kando ya kipimamvua. Upande wa banda la kuku hapakuwa na alama hata moja.

Dirishani mwa jiko Matroni Foibe alikuwa akifuta kijiko cha chakula kwa aproni yake, akiitazama mbingu kwa uso mzito, kama wa askofu.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Vipi, imenyesha?"

Editruda alimeza kicheko kwa shida kubwa.

"Kidogo, Matroni."

"Basi andika. Na uandike ukweli."

Akaandika 1.2, akatia sahihi. Kisha, kwenye safu ya Maoni, kwa mwandiko wake bora kabisa, akaongeza: *Jua kali. Hakuna wingu. Zamu ya F.*